Kibarua ni Barua Ndogo

Ikiwa jua la Kerio na upepo wake wa mchanga vimewaacha salama mpaka mkafika ukurasa huu, basi nashukuru. Kila mwaka jarida letu huwa na makala kuhusu ukame, makala kuhusu ndoa za mapema, na shairi la kuwaaga kidato cha nne. Mimi mwaka huu naomba nafasi niandike juu ya kazi. Sisemi kazi ya ualimu, wala ya uaskari, wala ya shirika lenye gari jeupe, ambazo ndizo sisi wote huzitaja mgeni akija darasani akatuuliza tukimaliza shule tunataka kuwa nani. Nataka kusema juu ya kazi ambayo mwenye kuitoa yuko Toronto au London, mwenye kuifanya yuko Lodwar, na wawili hao hawajaonana wala hawatarajii kuonana.

Najua kwamba nikitaja tu kazi za mtandaoni, nusu ya darasa watafunga jarida na kusema, "Hayo ni mambo ya wale wa kompyuta." Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nimeona kwa macho yangu kazi ya mtandaoni ikifanywa na mtu asiyejua kuandika programu hata moja, asiyejua ndani ya kompyuta kuna nini, na aliyepata C katika mtihani wa kidato cha nne. Alichokuwa nacho ni lugha tatu na masikio mawili.

Kwanza hebu tuliangalie neno lenyewe, maana sisi ni chama cha lugha. Tukisikia fulani anafanya kibarua, tunamfikiria mtu wa kubeba mawe au kuchimba mtaro. Lakini neno hilo limetokana na barua. Weka ki- ya udogo, unapata kibarua, yaani barua ndogo, cheti. Zamani huko pwani mtu wa kazi ya kutwa alipewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba amefanya kazi, na kwa kikaratasi hicho akalipwa. Baadaye jina la karatasi likahamia kwa kazi, kisha likamhamia mtu mwenyewe. Sasa tazama mambo yalivyozunguka. Leo hii binamu yangu anaamka Lodwar, anafungua barua pepe, anakuta mistari minne inayosema kuna sauti ya saa mbili, inatakiwa Ijumaa, malipo ni kadhaa. Akimaliza anairudisha kwa barua. Kibarua kimerudi kuwa kibarua. Waingereza wana neno lao la kumwita mtu wa namna hiyo, nasi tunalikimbilia kana kwamba hatuna letu, kumbe letu tulikuwa nalo kabla mtandao haujazaliwa.

Likizo ya Agosti nilikaa kwa binamu huyo wiki tatu. Nilikwenda kumsaidia kulea mtoto, wala si kujifunza kazi. Lakini chumba ni kimoja, na mtu akifanya kazi ndani ya chumba kimoja nawe, utajifunza upende usipende. Kazi yake ni unukuzi na tafsiri.

Ninyi nyote mnajua jinsi watu wanavyokuja Turkana kuuliza maswali. Walikuja kwa sababu ya ukame, wakaja kwa sababu ya kambi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992, na tangu mafuta yalipopatikana katika kisima cha Ngamia 1 mwezi wa Machi mwaka 2012 hawajakoma. Wanakuja na vinasa sauti, wanakaa chini ya mti pamoja na wazee, wanauliza, wazee wanajibu kwa Kiturkana, kisha wageni wanakwenda zao na sauti zile. Wakifika makwao wanakumbuka kwamba sauti lazima iandikwe, na iliyoandikwa lazima itafsiriwe. Katika London yote ile utampata wapi mtu wa kukuambia mzee wa Kerio amesema nini? Ndipo barua ndogo inapoletwa Lodwar.

Vifaa vyake si vya kutisha. Ana kompyuta ya mkono wa pili ambayo kitufe cha herufi B kimeng'oka, kwa hiyo kila akitaka B hudunga kishimo kile kwa ncha ya kalamu. (Walimu wetu wanataka tuseme tarakilishi, na katika mtihani nitasema tarakilishi, lakini hapa niachieni.) Ana vile vya kuweka masikioni, na daftari. Anasikiliza sentensi moja, anasimamisha, anaandika, anarudi nyuma, anasikiliza tena. Mbuzi wanalia katikati ya neno la mzee. Upepo wa ziwani unapiga kinasa sauti kama mtu anayepasua turubai. Mzee anakohoa, mtoto anaitwa, pikipiki inapita. Mahali asiposikia haruhusiwi kubuni. Anaweka alama, anaandika ni dakika ya ngapi, anaendelea mbele. Nilimwuliza kwa nini asiandike tu kile anachodhani mzee amesema, maana nani atajua? Akanitazama kama nimemtukana. "Wewe, wananilipa kwa alichosema. Ninachodhani ni changu."

Siku moja alinipa nisikilize mahali ambapo mzee alikuwa akitaja adakar. Sisi watoto wa Turkana tunajua adakar ni nini, ingawa wengi wetu tukiulizwa tueleze tutababaika: ni maboma kadhaa yanayohama pamoja na mifugo yao kwa ajili ya malisho na usalama, chini ya kiongozi wao. Mteja alikuwa amejaribu kwanza mashine ya kunukuu. Mashine iliposikia adakar, ikaandika maneno ya Kiingereza yenye maana ya "gari jingine". Ukurasa mzima wazee walikuwa wanahamia malishoni kwa gari jingine! Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Binamu yangu aliandika neno lilivyo, akaongeza mstari mmoja wa maelezo chini yake. Mteja alimshukuru, na wiki iliyofuata akamletea sauti ya saa tano zaidi.

Hapo ndipo nilipopata fikira yangu, nami naitetea mbele ya yeyote. Watu wanatuambia mashine zitachukua kazi zote. Kwa Kiingereza safi cha redioni, huenda. Hata mimi nimeona mashine ikikinukuu kwa dakika chache. Lakini mashine hujifunza kwa maandishi na sauti nyingi zilizokwisha kukusanywa. Sisi Waturkana tulihesabiwa zaidi ya milioni moja katika sensa ya mwaka 2019, lakini vitabu vya lugha yetu utavibeba kwa mkono mmoja. Hata Kiswahili, ambacho UNESCO ilikitengea siku yake ya tarehe 7 Julai kwa uamuzi wa Novemba 2021, mashine inakijua kile cha habari na cha vitabuni. Iletee Mkongomani wa Kakuma anayeanza sentensi kwa Kiswahili na kuimalizia kwa Kifaransa, au mama wa soko la Lodwar anayepanga bei kwa lugha tatu, uone itakavyotapatapa. Udhaifu tunaouonea aibu, kwamba tunachanganya lugha na hatuna kompyuta, nusu yake ndiyo mtaji wetu.

Lakini sitaki kumdanganya mtu. Tufanye hesabu, nami ambaye Hisabati ni ugomvi wangu wa kila siku nililazimika kuifanya mara mbili. Kazi hii hulipwa kwa dakika ya sauti, si kwa dakika ya jasho. Tuseme ni senti 50 za dola kwa dakika. Sauti ya saa moja ina dakika 60, kwa hiyo ni dola 30, na dola ikiwa shilingi 130 hiyo ni shilingi 3,900. Unaruka juu kwa furaha. Ngoja kwanza. Mzoefu huchukua kama saa nne kunukuu saa moja ya sauti iliyo safi. Mgeni wa kazi huchukua saa nane au kumi, na ile yenye mbuzi na upepo huzidi. Kwa saa kumi, umepata shilingi 390 kwa saa. Ikiwa kazi uliipata kupitia Fiverr, wenyewe wanakata asilimia 20, zimebaki 312. Toa bando, toa umeme, toa makato ya kuzivuta pesa kutoka PayPal mpaka M-Pesa, njia iliyofunguliwa mwaka 2018. Si pesa mbaya kwa Lodwar, kuna watu wanaoteka maji kutwa nzima hawazipati. Lakini si zile dola mia tano kwa wiki ukiwa kitandani zinazotangazwa kwenye simu. Wala barua haiji kila wiki. Mwezi wa Agosti nilipokuwa kwake zilikuja kazi tatu. Mwezi wa Julai haikuja hata moja, akala samaki wakavu na unga wa kukopa. Asubuhi bado anauza mandazi, na mandazi hayo hayajawahi kumwangusha.

Sasa niwaeleze yaliyotupata sisi nyumbani.

Kaka yangu naye alitaka kazi za mtandaoni. Yeye hakuanza na lugha, alianza na njia ya mkato. Kuna mitandao ya kazi inayochagua nchi, na mingine mtu mpya hukaa miezi bila kupewa kazi kwa kuwa hana sifa zilizoandikwa na wateja. Kwa hiyo pana watu wanaouza akaunti iliyokwisha kupata sifa, yenye jina la mtu mwingine, mara nyingi la Mzungu. Kaka alijiunga na kundi la simu ambamo bwana mmoja aliyejiita mkufunzi alikuwa akiziuza kwa shilingi 9,000. Nyanya akauza mbuzi wawili. Akaunti ilifanya kazi siku kumi na tisa. Siku ya ishirini iliomba picha ya uso wa mwenyewe. Uso wa kaka yangu na lile jina havikupatana hata kidogo! Ikafungwa, na dola 60 alizokuwa amezitolea jasho zikabaki ndani. Mkufunzi hakushika simu tena. Nyanya mpaka leo hajui akaunti ni kitu gani. Anachojua ni kwamba mbuzi wake wawili waliingia ndani ya simu na hawakutoka.

Kaka hakutaka niandike jambo hili. Nimemwomba radhi na ninaliandika, kwa sababu najua humu shuleni wamo ambao ndugu zao wamekwisha kulipa kile kinachoitwa ada ya usajili. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma, lakini kwa kaka haikuwa tamaa. Alikuwa anatafuta karo yangu. Basi jueni tofauti. Mtandao kama Upwork unaweza kukuuzia tiketi za kuombea kazi, na jambo hilo limeandikwa wazi katika masharti yao, tena hawamkubali mtu aliye chini ya miaka 18. Lakini mtu binafsi anayetaka umtumie pesa kwa M-Pesa ndipo akupe kazi, huyo mwajiri wake ni wewe. Binamu yangu wateja wake wa kwanza aliwapata kwa kumwandikia barua mtafiti aliyekuwa amemkalimania kijijini kwa siku mbili. Alimwandikia barua fupi ya adabu, isiyo na makosa, yenye ukurasa mmoja wa mfano wa kazi. Mwalimu wa Kiswahili na Mwalimu wa Kiingereza wametufundisha barua hiyo tangu kidato cha kwanza, na sisi tukadhani ni ya mtihani.

Kuna jambo jingine nataka tulijadili bila kuogopana. Ukimwuliza kijana wa Nairobi au wa Eldoret juu ya kazi ya mtandaoni isiyohitaji teknolojia, huenda akakutajia kuwaandikia insha wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Uingereza. Kenya imejulikana kwa kazi hiyo hata mwaka 2024 ikatoka filamu ya kweli iitwayo The Shadow Scholars, ambayo ndani yake Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford anakutana na waandishi hao. Katika mdahalo wetu wa muhula wa pili mwenzetu mmoja alisema hiyo si dhambi bali ni biashara, kwamba mvivu wa ng'ambo ana pesa na mwerevu wa Kenya ana njaa. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga. Tangu siku hiyo roho yangu haijatulia. Hapa kwetu mtu akishikwa na majibu katika mtihani wa taifa, matokeo yake yanafutwa. Kwa nini udanganyifu uwe mbaya ukiwa Kerio na uwe biashara ukiwa Manchester? Wenyewe huko England walitunga sheria mwaka 2022 kuwaadhibu wanaouza insha hizo.

Lakini linaloniuma zaidi si sheria yao. Ni kwamba mwandishi yule hana la kuonyesha. Anaweza kufanya kazi miaka mitano, akaandika kurasa elfu mbili za shahada za watu, na mwajiri wa halali akimwambia nionyeshe kazi yako, hana hata ukurasa mmoja wa kuuita wake. Mama zetu wanafuma vikapu vya majani ya mkoma. Dalali anawapunja, hilo silikatai. Lakini kikapu kikiwa sokoni Lodwar, mama atanyoosha kidole aseme kile ni changu, na mnunuzi wa kesho atamfuata yeye. Insha ya kuuza haina kidole cha kuinyoshea.

Wala tusidhani kila kazi yenye jina la halali ina heshima. Jarida la Time la Marekani liliandika Januari 2023 kwamba vijana wa Nairobi waliosoma maneno machafu kutwa ili kuifunza ChatGPT iyaepuke, kupitia kampuni ya Sama, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Mwezi wa Machi 2024 mtandao wa Remotasks ukafunga shughuli zake Kenya ghafla, na waliokuwa wakiutegemea kwa kodi na karo wakaarifiwa kwa barua pepe. Barua ndiyo ileile, huleta na huondoa. Ndiyo maana nasema mtu asiwe na mteja mmoja, na asitupe mandazi yake.

Wenzetu wa Kakuma, yapata kilomita 120 kutoka Lodwar, waliyaanza mambo haya kabla yetu. Kituo cha Biashara cha Kimataifa, ambacho makao yake ni Geneva, kwa kushirikiana na Baraza la Wakimbizi la Norway, waliwafunza vijana wa kambini na wenyeji kutafuta kazi za mtandaoni. Na vijana wale wana lugha! Kidinka, Kinuer, Kisomali, Kiamhari, Kirundi, Kiarabu, Kifaransa, na Kiswahili cha Kongo ambacho hospitali na shule za Marekani zinakihitaji, maana Wakongomani wengi wamepelekwa kuishi huko. Kilichowakwamisha wengi si akili, ni karatasi. Laini ya simu inataka kitambulisho, akaunti ya kupokea pesa inataka kitambulisho, nambari ya kodi inataka kitambulisho, na kadi ya mkimbizi mara nyingi ilitazamwa kama kitu kilichookotwa. Mtu amemaliza kazi, mteja yuko tayari kulipa, pesa hazina mlango wa kuingilia. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 iliwapa nafasi pana kidogo ya kufanya kazi, lakini sheria hutoka Nairobi kwa miguu. Na sisi wenyeji tusicheke. Darasani kwetu tulihesabiana: kumi na mmoja wamefikisha miaka 18, wenye kitambulisho ni wanne.

Kwa anayetaka teknolojia yenyewe, nafasi ipo na sitaki kumkatisha tamaa. Shirika la Learning Lions linawafundisha vijana wa Turkana uchoraji wa kompyuta, video na utengenezaji wa tovuti, na chuo chao kando ya ziwa, kilichokamilika mwaka 2021, kilisanifiwa na Francis Kéré wa Burkina Faso, Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, mwaka 2022. Kina minara kama vichuguu vya mchwa inayotoa hewa ya moto juu ili kompyuta zisiungue. Serikali nayo ilizindua mpango wa Ajira Digital mwaka 2016, na mafunzo yake ni ya bure. Nendeni. Lakini si wote tutakuwa watu wa kuandika programu, kama ambavyo si wote waliokwenda ziwani walikuwa wajenzi wa mashua.

Juu ya umeme nitasema kidogo tu, maana nikianza nitakasirika. Ng'ambo ya ziwa letu, Loiyangalani, kuna mitambo 365 ya upepo iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019, megawati 310, na umeme wake unasafiri zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa. Binamu yangu huchaji kompyuta kwa jirani mwenye sola, kwa shilingi 50. Bahati yake ni saa. New York ikiamka na kuingia ofisini saa tatu asubuhi, kwetu ni saa kumi au saa kumi na moja jioni, jua limepoa, betri imejaa, na mtoto yuko nje anacheza.

Sasa nije hapa shuleni kwetu, na naomba walimu wasinikasirikie.

Tuna chumba cha kompyuta. Ndani yake zimo kompyuta kumi na nne, tisa zinafanya kazi. Hufunguliwa kwa wale wanaosoma somo la Kompyuta, ambao ni kumi na saba, na muda wote uliobaki kimefungwa kwa kufuli kubwa kuliko la stoo ya chakula. Wakati huohuo kila mwaka Chama chetu hukusanya makala yaliyoandikwa kwa mkono, huyapeleka Lodwar kwa pikipiki, na huilipa saiba shilingi 50 kwa kila ukurasa ili yapigwe chapa. Mwaka jana zilikuwa kurasa 64, shilingi 3,200, bila nauli. Na yalirudi vipi? Shairi la "Kwa Heri Kidato cha Nne" lilirudi limeandikwa "Kwa Hari", ingawa kwa jua la Kerio huenda mchapaji hakukosea sana. Mhariri alikaa siku mbili akisahihisha kila nakala kwa kalamu.

Fikirini jambo hili. Kuchukua maneno ya mtu, kuyapiga chapa bila kosa, kuyarudisha kwa wakati na kulipwa, hiyo ndiyo kazi nzima ya binamu yangu. Tumekuwa nayo humu shuleni miaka yote, na miaka yote tumekuwa tukiilipia nauli iende Lodwar.

Ninachoomba ni Jumamosi, saa nane mchana hadi saa kumi na moja, Mwalimu Mlezi akiwapo, chumba kile kifunguliwe kwa wanachama wa Chama cha Kiswahili. Tulipige chapa jarida letu wenyewe. Kisha twende mbele, tuwarekodi wazee wa Kerio wakisimulia, tuandike Kiturkana chao kama walivyokisema, tutafsiri kwa Kiswahili sanifu, na kila mmoja aandike jina lake chini ya kazi yake. Mwanafunzi akitoka hapa na cheti cha C na kurasa ishirini zenye jina lake, atakuwa na cha kuambatisha kwenye barua yake ya kwanza. Zile shilingi 3,200 zitengeneze kompyuta moja au mbili kati ya zile tano mbovu.

Mwalimu mmoja ambaye namheshimu sana ameniambia kwamba tukifunguliwa tutatazama filamu. Ni kweli, wengine wetu tungetazama. Basi mtandao na ukatwe kabisa, waya wakae nao ofisini. Kunukuu hakuhitaji mtandao. Mwingine akasema kompyuta ni za wale wa somo la Kompyuta. Kwake nina swali moja tu, la heshima: vitabu vya maktaba ni vya wale wa somo la ukutubi?

Makala haya nimeyapiga chapa mwenyewe kwa binamu, kwa vidole viwili, kwa jioni nne, kwenye ile kompyuta isiyo na B. Mhariri akikuta "arua" mahali pa "barua", ajue kalamu iliteleza. Mzee mmoja jirani ya shule amekubali kutusimulia juu ya adakar ya baba yake Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao, ikiwa tutamletea majani chai na sukari. Sukari nimepata. Kinasa sauti kipo kwenye kabati la Mwalimu Mlezi. Umebaki ufunguo.